Tulipatana Juu ya Amplifaya

Chumba cha kazi, tarehe 14 Januari

Mwanangu Karani,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Paka amezaa tena ndani ya kasha la ile redio kubwa isiyo na mwenyewe. Watoto watatu, wote wana sura ya paka dume wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakana. Mkwe wangu hajambo? Ulipokuja mwaka mpya ulisema yuko safari ya kikazi. Nadhani sasa amekwisha kurudi.

Naandika kwa mkono kwa sababu ile simu uliyoniletea imekufa. Kulia inalia, lakini nikiipokea na kuiweka sikioni, kimya, kama nimempigia mtu niliyemkosea. Simu za siku hizi zimebandikwa kwa gundi, fundi hawezi kuzifungua kwa heshima. Nimeitia kwenye kopo la misumari ikae na wenzake. Wewe karani wa shule una mwandiko ulionyooka. Mimi na darasa la nne tuliachana kwa amani, kwa hiyo soma unachoweza, kinachobaki kisia.

Sasa ugomvi. Ulinikuta nimesinzia na chuma cha kulehemu kimetoboa meza. Sikatai. Meza ni yangu, na usingizi ni wangu. Ukasema, "Baba, imetosha, funga chumba hiki uje ukae kwangu." Nikasema sifungi. Ukasema nafunga. Tukavutana mpaka chai ikapoa, tukapatana hivi, na naandika ili usije ukageuza: nichukue kazi moja iliyowashinda wengine. Nikiiweza kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, nabaki na chumba changu na huniulizi tena. Ikinishinda, mwenye nyumba anapewa ufunguo wake, nami nakuja kwako kutazama ukuta na kunywa uji kwa kijiko.

Kazi imepatikana. Yule jirani yangu dereva wa gari la matangazo, ambaye ulimwachia namba yako ukidhani sioni, ameniletea amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gari lake. Unalijua lile gari, linazunguka mitaani likitangaza mikutano, watoto waliopotea na dawa ya panya. Amplifaya ina pande mbili za sauti. Kulia inanguruma, kushoto hata kukohoa haikohoi. Mafundi wawili wa barabara kuu, vijana wenye kompyuta na viti vya kuzunguka, wamempa jibu moja: tupa, nunua nyingine. Akaniletea mimi, ameifunga kwenye shuka kuukuu kama maiti.

Nimeipokea. Anza kujizoeza kushindwa.

Baba yako,
fundi (bado)


Ofisi ya shule, tarehe 2 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja, nami nikaikalisha nyingine nane ili hasira ipungue. Haikupungua, kwa hiyo najibu nayo. Mimi mzima. Tumeandikisha watoto mia moja na kumi na wawili wa darasa la kwanza. Mmoja nilimuuliza jina la baba yake, akanijibu, "Baba." Nikamuuliza watu wengine wanamwitaje. Akafikiri, akasema, "Wewe." Nikacheka peke yangu mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Mapatano nayakubali kama ulivyoyaandika. Ila atakayeamua kama amplifaya imepona ni dereva, siyo wewe. Wewe ni hakimu unayejipendelea, nakujua. Na ukisikia macho mazito, chomoa waya kwanza, ndipo usinzie. Nilipoliona lile tundu la meza, upana wake, na mkono wako ulipokuwa umelala, sikuweza kula siku ile. Hilo hukuliona kwa sababu ulikuwa unanitania.

Una miaka sabini na minne, Baba. Chumba nimekipaka rangi. Dirisha lake linatazama uani, jua linaingia asubuhi kwa ajili ya hilo goti. Hakuna atakayekupa uji usioutaka.

Binti yako


Tarehe 21 Februari

Karani,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja imekunja uso. Huku mzima. Paka mmoja kati ya wale watatu anatembea kinyumenyume, nimempa jina la mjumbe wetu wa mtaa. Mkwe wangu hukumtaja. Karatasi ilikwisha?

Nimeifungua mashine. Skrubu kumi na mbili, moja imeliwa kichwa na wale vijana, nimeing'oa kwa koleo na matusi. Ndani, kila upande una transista kubwa mbili, zimebanwa kwenye bati nene la kupozea joto. Nikatia mita ya kupimia umeme. Transista nzima hupitisha umeme kwa mbele na kuukataa ukirudi, kama mlinzi mkali wa geti. Zile za kushoto zote mbili geti wazi, aingiaye aingie, atokaye atoke. Zimekufa.

Vijana walipofika hapo waliitafuta ramani ya mashine kwenye kompyuta, haikupatikana, wakaishia hapo. Mimi ramani sijaisoma tangu nizaliwe. Nimeuuliza upande wa kulia. Kulia ni mzima, na kushoto alizaliwa pacha wake, kwa hiyo kila ninachotaka kukijua kwa marehemu nakipima kwanza kwa aliye hai. Nimepasua boksi la sabuni, nikachora mstari katikati, huku namba za mzima, huku za mgonjwa. Hicho ndicho chuo kikuu changu, na ada yake ni sabuni.

Nikabadilisha zile mbili. Nikaunga betri. Zikaishi muda wa kupiga chafya. Pa, pa, moshi, paka na ukoo wake wakahama. Dereva alikuwa amesimama mlangoni anakula karanga.

"Mzee," akasema, "hiyo ndiyo sauti ya kushoto?"

"Ilikuwa inasafisha koo," nikamwambia.

"Basi imemeza."

Nakwambia kosa lenyewe kabla dereva hajakwambia. Nyuma ya wale wakubwa wawili kuna transista mdogo anayewapa amri. Naye alikuwa amekufa, lakini kwa adabu, bila kunuka, nami nilibadilisha waliokuwa wananuka tu. Maiti yule akawaamrisha wapya wajimalize. Hilo ni kosa la haraka, siyo la uzee. Kijana angelikosea vilevile, ila yeye angeulaumu umeme.

Sasa nimeunga taa ya breki kati ya betri na mashine. Kukiwa na maradhi ndani, taa inawaka kwa nguvu na umeme wote unaishia hapo, hakuna kinachoungua. Ningeanza hivyo tangu mwanzo. Usiseme, nimeshasema mwenyewe.

Nimebakiwa na transista mbili tu za aina ile, nilizozitoa kwenye mashine ya ukumbi uliobomolewa. Mahali pengine hazipatikani. Nikiziunguza hizo, tandika kitanda.

Sijaziunguza.

Baba yako, fundi


Tarehe 19 Machi

Baba, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Mitihani, na mwalimu mmoja amelazwa, tunagawana vipindi vyake hata sisi wa ofisini. Mimi nafundisha hesabu watoto wanaoniita "Mwalimu wa Faili." Niko salama.

Simu yako naipigia kila Jumapili. Inaita, inapokelewa, nakusikia unasema "Haloo, haloo, mpumbavu wewe," kisha unakata. Kwa hiyo haijafa, Baba. Mpelekee mtu aitazame. Ukiitwa mpumbavu na baba yako kila Jumapili, wiki inaanza vibaya.

Nakuombea mema, ila si ushindi.

Binti yako


Tarehe 6 Aprili

Karani,

Marahaba. Yule mpumbavu ni simu, siyo wewe. Sikujua unasikia. Nimeirudisha kwenye kopo. Barua yako nzuri, ina kila kitu isipokuwa mume.

Sikiliza maendeleo. Nimembadilisha yule mdogo mwenye kutoa amri. Kulikuwa na vipinga umeme viwili vimeungua mistari yao yote ya rangi, hujui aliyekuwa nyekundu wala aliyekuwa kahawia. Nikavisoma kwa ndugu zao wa kulia. Nikafunga transista zangu mbili za mwisho, nikabana skrubu, nikasema neno la kheri, nikaunga betri kupitia ile taa. Taa ikawaka mpaka ukutani. Maradhi.

Nilikaa chini. Sikugusa kitu kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Nikapima moja moja, zote nzima, lakini bado taa inawaka. Halafu dereva akaniuliza nina nini kwenye kiwiko. Kwenye kiwiko kimenata kile kijikaratasi kinachong'aa cha mika, ambacho kazi yake hapa duniani ni kukaa kati ya transista na bati, visigusane. Nilikuwa nimetembea nacho tangu asubuhi. Nimekwenda nacho hadi dukani.

"Mzee," akasema, "umevaa amplifaya."

Nikakirudisha mahali pake na grisi yake nyeupe. Nikaunga. Taa ikameta mara moja, ikazimika taratibu, kama mtu aliyekumbuka hana sababu ya kukasirika. Nikapima pointi zote ishirini na sita na kuziandika kwenye boksi la sabuni. Kulia na kushoto, namba kwa namba, sawasawa.

Kesho nasikiliza. Ukipata barua hii anza kukitafutia hicho chumba mpangaji.

Baba yako, fundi kweli kweli


Tarehe 5 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku tunashukuru. Mjumbe, nasema yule paka, siku hizi anatembea mbele kama wenzake, nadhani amestaafu. Mvua ilipiga siku nne, paa la mwenye nyumba limevuja kwake, kwangu kukavu, kwa hiyo anakuja kukaa kwangu kusema paa lake halivuji. Goti liko vizuri. Paka mama amegombana na mama wa jirani juu ya kichwa cha samaki, wote wawili walikuwa na hoja.

Dereva siku hizi anatangaza kwa mdomo wake mwenyewe, kichwa nje ya dirisha. Sauti imemkauka. Juzi alitangaza mtoto aliyepotea kwa unyonge mpaka watu wakadhani mtoto ni wake, wakaanza kumpa pole. Mtoto alipatikana, alikuwa amekaa nyuma ya gari hilo hilo.

Nimetengeneza taa ya mkononi ya msichana wa duka la dawa. Nimeng'arisha miwani. Hali ya hewa nzuri.

Msalimie mkwe.

Baba yako


Tarehe 16 Mei

Baba, shikamoo.

Barua ya kurasa mbili. Paka mara mbili, amplifaya hata mara moja. Ukarani nimeufanya miaka kumi na tisa. Fomu iliyorukwa swali naitambua hata ikiwa imefungwa ndani ya bahasha.

Imekushinda, siyo? Sema tu. Hakuna atakayekucheka. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, tutabeba vyombo vyako vyote, hata hiyo meza yenye tundu.

Na hukujisaini fundi.

Binti yako


Tarehe 3 Juni

Karani,

Haijanishinda. Isome tena hiyo sentensi kwa sauti, uwasomee na walimu.

Nakupa habari kwa mpangilio. Siku ile ya kusikiliza nilifanya kama ninavyofanya tangu ujana wangu: vispika viwili vidogo, nabana kimoja kila sikio, sauti chini kabisa, waya wa kulia sikio la kulia, wa kushoto sikio la kushoto. Ukisikiliza kwa sauti kubwa unadanganywa. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, kasoro inajitaja yenyewe. Kulia, muziki. Kushoto, kimya. Namba zote sawa na bado kimya.

Nikaifungua. Nikapima upya. Sawa. Nikabadilisha kispika. Kimya. Nikalehemu upya kila mguu. Kimya. Mwezi mzima, mwanangu. Nimeifungua mara tisa. Skrubu zinanijua kwa jina. Kuna siku nilishusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati nikalifuta vumbi, na hilo sitalirudia kukwambia.

Ndipo dereva akaja Jumamosi na hasira zake za mtu asiye na sauti, akaikuta imewashwa, akasema mbona inaimba. Nikakuta palikuwa na waya umelegea mahali. Sasa haujalegea. Tukaifunga garini, akaweka kanda, akafungua mpaka mwisho. Kioo cha duka la dawa kilicheza. Bibi mmoja alitoka akatuuliza kama sisi tuna wazazi. Dereva, hakimu uliyemteua wewe, ameandika nyuma ya boksi la sabuni: "Kulia na kushoto, inanguruma." Ametia sahihi. Nimelipachika ukutani juu ya tundu la panya.

Kwa hiyo nabaki. Tulipatana.

Sasa jambo la pili. Wiki iliyopita alikuja msusi wa nywele na futi ya kupimia. Akapima ukuta wangu. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema kioo chake kitakaa hapa, na viti viwili pale penye redio. Mwenye nyumba kamwambia chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi wa sita. Nilimshikia ncha ya futi, ni mwanamke mwenye adabu. Alipoondoka nikaenda kwa mwenye nyumba, nikamwomba anioneshe alichokipata. Barua. Mwandiko umenyooka kama rula. Tarehe tatu Februari.

Barua yako ya kuyakubali mapatano ni ya tarehe mbili.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini mbili na tatu nazijua zinavyofuatana.

Fundi


Tarehe 14 Juni

Baba, shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Ni kweli. Niliyakubali mapatano, nikalala usiku mmoja, asubuhi nikaandika ile barua ofisini, nikaipeleka posta kwa miguu yangu nisije nikabadili nia. Nilikuwa na hakika utashindwa. Nimemwandikia mwenye nyumba tena jana, kuifuta. Sina la kujitetea hapo.

Lakini wewe pia, Baba. Waya haukulegea mahali popote. Nilimpigia dereva, na nilimbana. Amesema alikukuta umebana vispika masikioni, unalaani, akakuvua kimoja, cha kushoto, akakiweka sikioni kwake, kikawa kinaimba. Akakwambia. Hukumwamini. Akakigeuza akakuwekea sikio la kulia, ukasikia. Akakirudisha kushoto, ukasema kimezimika. Akakwambia, "Mzee, hiki hakijazimika." Amesema chai ilipoletwa ukamwapisha asiniambie. Usimgombeze. Naye analalamika kwamba binti yake mwenyewe hamsikilizi.

Kwa hiyo uliitengeneza tangu Aprili. Mwezi mzima ulikuwa unafungua mashine iliyokwisha kupona. Na simu haikufa. Unaishika kwa mkono wa kushoto siku zote, kwa kuwa wa kulia una chuma cha kulehemu.

Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa tayari kunidanganya mpaka lini? Gari likija upande huo barabarani, nani atakuambia? Mimi naona mapatano yamevunjika. Fundi wa redio asiyesikia upande mmoja, Baba. Hata wewe ungemcheka.

Na kwa kuwa tunatoa yote: mkwe wako aliondoka Novemba. Hakuwa safarini. Alichukua nguo zake, televisheni na kile kiti alichokipenda. Siku niliyokuja kwako mwaka mpya nilikuja kukuambia, nikakukuta umelala juu ya moto, nikaona afadhali tugombane juu yako kuliko juu yangu. Chumba kile nilikipaka rangi Novemba ile ile. Nilihitaji mtu wa kukikaa. Nikisema wewe umechoka, sikulazimika kusema mimi.

Sikujua namna nyingine ya kukuita.

Binti yako


Tarehe 26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba mbili, moja ya barua iliyopita ambayo sikuijibu salamu.

Tuanze na sheria, halafu mengine. Tulipatana juu ya amplifaya. Hatukupatana juu ya sikio. Rudia barua zote, unazo kwenye faili, najua umezitoboa matundu. Hakuna mahali palipoandikwa sikio. Kazi ilikuwa moja, imewashinda wawili wenye kompyuta, mimi nimeiweza kwa boksi la sabuni, na nakuongezea hili: nimeiweza kwa sikio moja. Hiyo si kasoro ya ushindi wangu, hiyo ni nyongeza yake. Ukiwa karani mwaminifu utaiandika.

Kwa daktari nimekwenda, kwa miguu yangu, hakuna aliyenivuta. Amenimulika, akanipigia kijichuma kinacholia, akaniambia mshipa wa ndani umekufa, huenda mwaka sasa. Nikamuuliza kama spea zake zinapatikana. Akasema hazipo. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyosema wale wa barabara kuu. Akacheka, akanipa karatasi. Imeandikwa kwamba la kulia ni zima. Nimeipachika kando ya ile ya dereva.

Chumba nimekigeuza. Meza imehamia ukuta wa pili, mteja akiingia anatokea kulia kwangu, apende asipende. Kusikiliza nasikiliza kwa sikio hilo hilo, upande wa kwanza, kisha wa pili, mmoja baada ya mwingine kama mke na mume mahakamani. Barabara navuka kwa macho. Jana nimepokea redio tatu na kinanda. Msusi amepata chumba mbele kidogo, nimemfungia nyaya za taa za kioo chake, anasema nikinyoa ndevu nitaonekana mtu. Mwenye nyumba amepata barua yako ya pili. Ameniuliza, "Sasa nifuate ipi?" Nikamwambia afuate ya tatu, ndiyo huu mdomo wangu ninaomwambia nao: sitoki.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungefanya hesabu, na hesabu zako huwa sahihi. Nilitaka mtu mmoja duniani aendelee kugombana nami kama mzima. Sikulala vizuri siku zile. Nilikaa nikiwaza vitu ambavyo huenda vimesemwa upande ule mwaka mzima na mimi sikuvijibu. Hapo nimesema. Usiniulize tena.

Sasa mengine. Mkwe yule aliyesema redio ni kelele sikumpenda tangu siku alipoisema, nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa unatabasamu. Kiti alichochukua nilikiunga mguu mimi, na gundi ile si ya kudumu. Namwombea akikalie kwa nguvu.

Na wewe. Ungeandika Januari, "Baba, nyumba imekuwa kubwa, njoo," ningefika kabla ya barua kukauka wino. Ukaandika eti mimi nimekwisha. Kuitwa marehemu siji. Kuitwa baba nakuja.

Nakuja tarehe nane mwezi wa saba, siku kumi na nne, mgeni, si mgonjwa. Nabeba sanduku dogo na mita. Mlango wangu nitaufunga kwa kufuli na kubandika karatasi: FUNDI AMESAFIRI, ANARUDI TAREHE 23. Dereva anaitangaza hiyo mtaani kote, kulia na kushoto, bure, mpaka watu wamechoka na mimi kabla sijaondoka. Baadaye wewe utakuja huku shule zikifungwa, nitakutolea paka kitandani. Hivyo ndivyo tutakavyokuwa, kwenda na kurudi, na hakuna atakayekabidhi ufunguo kwa mtu.

Tukikaa mezani niweke mkono wako wa kushoto, ili wewe uwe kulia kwangu. Nina mengi ya kukukatalia, na safari hii nataka niyasikie yote kwanza.

Baba yako,
fundi